Seebohm Rowntree: Tajiri wa chokoleti aliyeupima umaskini kwa shilingi na peni

SERIKALI zinapotangaza kwamba asilimia fulani ya raia wake wanaishi chini ya mstari wa umaskini, wengi wetu huzipokea takwimu hizo kana kwamba mstari wenyewe uliteremka kutoka mbinguni. La hasha. Mstari huo ulichorwa na binadamu, na mmoja wa waliouchora kwa uangalifu mkubwa kuliko wote hakuwa mwanasiasa wala profesa wa uchumi. Alikuwa mwana wa tajiri mwenye kiwanda cha kakao na chokoleti katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza.

Jina lake ni Benjamin Seebohm Rowntree. Aliishi miaka 83, na katika muda huo aliupima umaskini wa mji mmoja mara tatu: mwaka 1899, mwaka 1936 na mwaka 1950. Ni watu wachache mno katika historia waliowahi kuuliza swali moja, mahali pamoja, kwa zaidi ya nusu karne, na kuona sheria za nchi zikibadilika kwa sababu ya majibu waliyoyapata.

Malezi ya Quaker

Rowntree alizaliwa York mnamo Julai 7, 1871. Baba yake, Joseph Rowntree, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri na muumini wa dhehebu la Quaker, lile lile ambalo wamishonari wake kutoka Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Wafuasi wa dhehebu hili walifahamika kwa kuchukia vita, kujiepusha na pombe na kuamini kuwa mali ni amana ambayo mtu ataulizwa jinsi alivyoitumia.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Joseph mwenyewe, akiwa kijana, alikuwa amekusanya takwimu za mafukara wa Uingereza na Wales katika miaka ya 1860. Alipotajirika hakuridhika na kuwagawia maskini sadaka. Alishikilia kwamba sadaka nyingi za matajiri hutibu maumivu huku zikiuacha ugonjwa wenyewe bila kuchunguzwa. Fikra hiyo ndiyo aliyomrithisha mwanawe, na thamani yake iliushinda hata urithi wa kiwanda.

Seebohm alisoma katika shule ya Bootham mjini York, kisha akasomea kemia kwa muda mfupi katika chuo cha Owens, Manchester. Mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 18, aliingia katika kampuni ya familia na kuanzisha maabara yake. Ujuzi huo wa kupima vitu kwa mizani usipuuzwe, kwa maana aliuhamisha baadaye kutoka kwenye kakao hadi kwenye mkate wa maskini.

Jumapili alifundisha katika shule ya watu wazima iliyoendeshwa na waumini wenzake. Huko alikutana ana kwa ana na vibarua na kusikia habari za maisha yao. Mwaka 1895 alizuru mitaa ya mabanda ya Newcastle, na aliyoyaona yalimsumbua rohoni.

Wakati huo, Charles Booth, mfanyabiashara wa meli, alikuwa akichapisha uchunguzi mkubwa kuhusu maisha ya wakazi wa London. Booth alikuwa amegundua kwamba takriban asilimia 30 ya wakazi wa jiji hilo waliishi katika ufukara. Wengi walidhani hilo lilikuwa balaa la London pekee, jiji kubwa lililofurika watu. Rowntree alitaka kujua hali ilikuwaje katika mji wa kawaida.

Nyumba kwa nyumba

Mwaka 1899 kazi ilianza. Wachunguzi walipita mtaa baada ya mtaa, nyumba baada ya nyumba. Hawakuchagua sampuli bali walijaribu kuifikia kila familia ya wafanyakazi mjini. Hatimaye walikuwa na taarifa za familia 11,560 zenye watu 46,754, katika mji uliokuwa na wakazi zaidi ya 70,000.

Swali lilikuwa moja tu: je, familia inahitaji kiasi gani cha fedha kwa wiki ili miili ya watu wake iweze kubaki na nguvu za kufanya kazi, na si zaidi ya hapo?

Ili kulijibu, Rowntree alitegemea uchunguzi wa Mmarekani Wilbur Atwater kuhusu nguvu ambazo mwili huzipata kutokana na chakula. Alikadiria mahitaji ya mwanamume, mwanamke na mtoto. Kisha akatafuta vyakula vya bei nafuu kabisa ambavyo vingeyatosheleza mahitaji hayo, akiiga orodha za chakula kilichotolewa kwa mafukara katika nyumba za maskini. Orodha yake ilibana hata kuliko hizo, maadamu haikuwa na nyama ya buchani hata kidogo.

Kwa familia ya baba, mama na watoto watatu, hesabu ilikuwa hivi: chakula shilingi 12 na peni 9, kodi ya nyumba shilingi 4, nguo, taa, kuni na makaa pamoja na mahitaji mengine madogo shilingi 4 na peni 11. Jumla ilikuwa shilingi 21 na peni 8 kwa wiki. Huo ndio uliokuwa mstari wake.

Msomaji na atafakari kilichoachwa nje. Hapakuwa na nauli ya gari, gazeti, stempu ya kumwandikia mtoto aliye mbali, tumbaku ya baba, wala mwanasesere wa mtoto. Hapakuwa na mchango wa kanisani wala akiba ya siku ya msiba. Familia iliyopata shilingi 21 na peni 8 ingeishi bila njaa ikiwa tu isingetumia hata peni moja kwa jambo lolote linaloyapa maisha ladha.

Rowntree alilifanya hilo kwa makusudi. Alijua kuwa wakosoaji wangedai amewahurumia maskini kupita kiasi. Kwa hiyo alichagua kipimo kikali ambacho hata bahili mkubwa asingeweza kukipinga, kisha akahesabu ni wangapi walioshindwa kukifikia.

Majibu yaliyoishtua nchi

Kitabu chake kilitolewa mwaka 1901. Kilionyesha kwamba watu 7,230 mjini York, yaani zaidi ya asilimia 15 ya tabaka la wafanyakazi, waliishi katika umaskini wa daraja ya kwanza: mapato yao yote hayakutosha kuzilisha nguvu za mwili, hata kama kila peni ingetumiwa kwa busara.

Wengine 13,072 walikuwa katika umaskini wa daraja ya pili. Hao mapato yao yangetosha, lakini sehemu yake ilipotelea kwingine, iwe kwa matumizi ya maana au ya ovyo. Wote kwa pamoja walikuwa watu 20,302, karibu asilimia 28 ya wakazi wote wa mji. London haikuwa peke yake.

Jambo lililowauma wengi zaidi lilikuwa chanzo cha umaskini huo. Wakati ule ilikuwa imani iliyoota mizizi kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya uvivu, ulevi na kukosa nidhamu. Rowntree aligundua kwamba zaidi ya nusu ya waliokuwa katika umaskini wa daraja ya kwanza, asilimia 52, walitoka katika familia ambazo baba alikuwa na kazi ya kudumu, ila ujira wake ulikuwa duni mno. Kibarua asiye na ujuzi mjini York alilipwa kati ya shilingi 18 na 21 kwa wiki. Hata asipoonja pombe maishani, hangeweza kuwalisha watoto watatu.

Asilimia 22 walikuwa maskini kwa sababu familia zao zilikuwa kubwa, na karibu asilimia 16 kwa sababu aliyekuwa tegemeo la familia amefariki. Ukosefu wa kazi ulichangia asilimia 2 na ushei pekee. Methali hutuambia kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watu wa York walikuwa wameinama hadi migongo ikapinda, na mvunguni hamkuwa na kitu.

Kitabu kilionyesha pia gharama ya hali hiyo kwa uhai. Katika maeneo fukara zaidi, watoto 247 kati ya kila 1,000 waliozaliwa walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika familia zilizoweza kuajiri watumishi, walifariki 94.

Aidha, Rowntree alibaini kuwa umaskini hauwakamati watu wale wale daima, bali huja na kuondoka kama maji kupwa na maji kujaa. Kibarua huonja dhiki utotoni, hupata nafuu anapoanza kazi, hurudi katika dhiki anapopata watoto wadogo, hupumua wanapoanza kuchuma, kisha huzama tena uzeeni. Kwa maana hiyo, idadi ya watu wanaouonja umaskini katika maisha yao ni kubwa zaidi kuliko idadi ya walio maskini siku ya kuhesabiwa.

Wapinzani hawakukosekana. Helen Bosanquet, mwanachama shupavu wa shirika lililoratibu utoaji wa sadaka mjini London, alidai kuwa takwimu hizo zilikuwa zimetiwa chumvi. Kwake, dawa ya umaskini ilikuwa kujenga tabia njema, na msaada wa serikali ungewalemaza watu. Baadhi ya hoja za wakosoaji zilikuwa na uzito. Wachunguzi waliutambua umaskini wa daraja ya pili kwa kutazama tu sura ya nyumba na ya wakazi wake, na ujira wa wengi ulikadiriwa badala ya kuulizwa.

Hata hivyo, hesabu ya daraja ya kwanza ilisimama. Winston Churchill, wakati huo mbunge kijana, alikisoma kitabu hicho na kushtushwa nacho. David Lloyd George, aliyekuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1908, akawa rafiki na mshirika wa Rowntree. Sheria ya pensheni ya wazee ilipitishwa mwaka huo, na kuanzia Januari 1, 1909, maskini waliotimiza miaka 70 wakaanza kulipwa hadi shilingi 5 kwa wiki. Sheria ya bima ya ugonjwa na ya ukosefu wa kazi ikafuata mwaka 1911.

Kiwandani mwake

Ingekuwa unafiki kwa mtu aliyesema kuwa ujira duni ndio mzizi wa umaskini kuwalipa vibaya wafanyakazi wake mwenyewe. Rowntree alilijua hilo. Kampuni yao ilianzisha mpango wa pensheni mwaka 1906, wiki ya siku tano za kazi mwaka 1919, na mgao wa faida kwa wafanyakazi mwaka 1923, mwaka ambao yeye mwenyewe aliteuliwa kuwa mwenyekiti. Chini ya uongozi wake ndipo ilipozaliwa, mwaka 1935, chokoleti ambayo tangu 1937 imeitwa Kit Kat na ambayo hadi leo huuzwa katika maduka ya Nairobi na Mombasa.

Utajiri huo ulikuwa na kivuli chake. Kakao ya viwanda vya Uingereza ilitoka Afrika, na mwanzoni mwa karne ya 20 sehemu yake ilivunwa katika visiwa vya Wareno vya São Tomé na Príncipe na watu waliofanyishwa kazi kama watumwa. Ni mwaka 1909 ambapo kampuni za Quaker, ikiwemo ya Rowntree, zilipoacha kununua kakao hiyo, baada ya miaka mingi ya mjadala na kusitasita. Mizani iliyowapima vibarua wa York haikuwa imewafikia wavuna kakao.

Kurudi York

Mwaka 1936, nchi ikiwa imekumbwa na uhaba mkubwa wa kazi, Rowntree alirejea katika mitaa ile ile na kuzichunguza familia 16,362. Safari hii aliulegeza mkanda. Alitumia kipimo alichokiita mahitaji ya binadamu, ambacho kiliruhusu gazeti, redio, zawadi ndogo za watoto na burudani kidogo. Familia ya watoto watatu ilihitaji shilingi 43 na peni 6 kwa wiki, bila kodi ya nyumba.

Kwa kipimo hicho kipya, asilimia 31 ya wafanyakazi wa York walikuwa maskini. Kwa kile cha kale, walikuwa chini ya asilimia 7, ikilinganishwa na zaidi ya 15 mwaka 1899. Sura ya umaskini pia ilikuwa imebadilika, kwani ukosefu wa kazi sasa ulikuwa sababu kuu pamoja na ujira duni.

Hapa pana funzo ambalo wanasiasa hawapendi kulisikia. Watu wa York walikuwa wale wale na mwaka ulikuwa ule ule, lakini idadi ya maskini ilipanda au kushuka zaidi ya mara nne kutegemea aliyeshika kalamu aliamua binadamu anahitaji nini.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikiendelea, William Beveridge aliandaa ripoti ya mwaka 1942 iliyokuja kuwa msingi wa mfumo wa hifadhi ya jamii Uingereza. Rowntree alikuwa miongoni mwa wataalamu waliomshauri kuhusu kiwango cha fedha za kujikimu. Malipo yaliyopendekezwa yalikuwa karibu zaidi na kipimo kikali cha zamani kuliko kile cha mahitaji ya binadamu. Yamkini hiyo ndiyo kejeli kubwa katika maisha yake. Mstari aliouchora ili kuonyesha mahali ambapo mtu hapaswi kushuka, wengine waliugeuza kuwa mahali panapotosha kumwacha.

Je, msaada ulifaa?

Mwaka 1950, akikaribia umri wa miaka 80, alirudi York kwa mara ya tatu, safari hii akisaidiana na G. R. Lavers na kutumia sampuli ya familia. Serikali ilikuwa imeanza kulipa posho ya watoto mwaka 1946, na bima ya taifa pamoja na huduma ya afya ya bure mwaka 1948. Kazi zilipatikana kwa wingi.

Matokeo yalikuwa ya kustaajabisha: ni asilimia 2.77 tu ya tabaka la wafanyakazi waliokuwa katika umaskini. Zaidi ya theluthi mbili ya maskini hao walifikishwa huko na uzee. Ukosefu wa kazi ulikuwa umetoweka kabisa katika orodha ya sababu.

Kisha akafanya jambo ambalo wapimaji wa programu za misaada wanaendelea kuliiga. Alijiuliza hali ingekuwaje iwapo sheria za mwaka 1936 zisingebadilishwa. Akaondoa katika mapato ya kila familia manufaa yaliyotokana na sheria mpya, akahesabu upya, na kupata asilimia 22. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo aliyoitaja kuwa kazi iliyofanywa na msaada wa serikali.

Magazeti na vyama vya siasa vikashangilia kwamba umaskini umezikwa. Lakini shangwe hizo zilitangulia ukweli. Watafiti waliozichambua upya fomu za 1950 miongo kadhaa baadaye waliona kwamba umaskini ulipungua kwa kiasi kidogo kuliko alivyosema, na kwamba mchango wa misaada ulikuwa umekuzwa. Mwaka 1965, Brian Abel-Smith na Peter Townsend walionyesha kwamba mamilioni ya Waingereza walikuwa wangali na kipato duni, wakiwemo watoto ambao baba zao walikuwa kazini.

Townsend alikwenda mbali zaidi na kupinga wazo la mstari wa chakula na nguo pekee. Kwake, maskini ni yule asiyeweza kuishi kama jamii inayomzunguka inavyotarajia. Ni haki kusema, hata hivyo, kwamba Rowntree alikuwa ameianza safari hiyo alipoweka gazeti na redio katika bajeti ya 1936.

Mstari wavuka bahari

Rowntree alifariki Oktoba 7, 1954. Kipimo chake kilikuwa kimekwisha kuwasili Afrika. Profesa Edward Batson wa Cape Town alikuwa amekigeuza kuwa kipimo cha gharama ya chini kabisa ya maisha mijini, na mwishoni mwa miaka ya 1940 aliendesha uchunguzi wa jamii Zanzibar.

Mwaka ule ule wa 1954, kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilitoa ripoti kuhusu ujira wa Waafrika nchini Kenya. Ikitumia hesabu ya aina hiyo, ilikiri kwamba takriban nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni za binafsi na robo ya wale wa serikali walilipwa ujira usiotosha mahitaji ya lazima. Mishahara ilikuwa imepangwa kana kwamba kila kibarua wa Nairobi ni mseja, huku mkewe na wanawe wakijitegemea kijijini.

Tangu hapo mstari haujaondoka. Utafiti wa bajeti za familia nchini Kenya wa 2015/16 uliuweka katika Sh3,252 kwa mwezi kwa mtu mzima mashambani na Sh5,995 mijini, na kukuta asilimia 36.1 ya Wakenya wakiwa chini yake. Mwaka 2018, chini ya mpango wa Inua Jamii, serikali ilianza kuwalipa wazee wasio na pensheni waliotimiza miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi. Umri huo ni ule ule uliowekwa na Uingereza mwaka 1908.

Ukilinganisha Sh2,000 na Sh3,252, utaelewa kwa nini maisha ya tajiri huyu wa chokoleti yangali na maana kwetu. Alituachia mizani ya kupimia, na pia onyo kuhusu mizani yenyewe. Kila tarakimu ya umaskini ina ndani yake uamuzi kuhusu kile ambacho binadamu mwenzetu anaruhusiwa kukikosa. Rowntree aliuweka uamuzi wake peupe, peni kwa peni, ili yeyote aweze kuukagua. Wanaotangaza takwimu leo wanadaiwa uwazi uo huo.